Umepata kazi, na tiketi ya safari ulishakata

Dada mmoja mhasibu alikuja ofisini kwangu na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya ofa ya kazi, kurasa mbili, ikimtaka aripoti tarehe 2 Machi. Ya pili ilikuwa risiti ya taasisi inayosafirisha mahujaji, imekunjwa mara nne hadi maandishi ya kwenye mikunjo yameanza kufutika. Alikuwa amelipia nafasi mbili, yake na ya mama yake mzazi, kidogo kidogo, kwa karibu miaka miwili. Msafara unaondoka katikati ya Mei na kurudi baada ya siku thelathini.

"Wakili," akaniambia, "wenzangu wananishauri ninyamaze kwanza. Nikishaingia ndani, nitaomba ruhusa."

Nikamuuliza kama ameshatia saini. Hajatia. Nikashusha pumzi.

Nilishusha pumzi kwa sababu ushauri wa "nyamaza kwanza" ndio unaowaumiza watu wengi ninaowaona, na unaumiza zaidi pale safari yenyewe haisogezeki. Hijja ina siku zake, kuanzia tarehe 8 ya Mfunguo Tatu, na mwezi haumsubiri meneja wa mtu. Wengine shida yao ni harusi ya ndugu Muscat ambayo kadi zimeshagawiwa, au kwenda Uingereza kumwangalia binti aliyejifungua, au ile safari ya Desemba ya kwenda Moshi na Rombo ambayo tiketi ya basi imekatwa mapema na ukoo mzima unakungoja. Ajira mpya imekuja katikati ya mipango hiyo. Swali ni lile lile: nimwambie mwajiri, au nikae kimya?

Tuanze na sheria inavyosema, kwa sababu wengi wanaamini inawapa kitu ambacho haiwapi. Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo kwenye vitabu vya sheria ni Sura ya 366. Zanzibar wana yao, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo msomaji wa Unguja na Pemba asichukue namba zangu akazipeleka kwa mwajiri wake. Namba za vifungu ninazozitaja ni za sheria ilivyotungwa mwaka 2004. Ukikuta toleo lenye mpangilio mwingine, tafuta sehemu inayohusu likizo.

Kifungu cha 31 kinampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, yenye malipo, kwa kila mzunguko wa miezi 12. Sikiliza neno "mfululizo". Jumamosi imo, Jumapili imo, na sikukuu ikiangukia humo nayo imo. Mtu wa ofisini anayefanya kazi siku tano kwa wiki, zile 28 zinamfunika siku 20 tu za kazi. Jirani zetu wa Kenya wana siku 21, na wapo Watanzania wanaowaonea huruma kwa hilo. Wasiwaonee. Za Kenya zinahesabiwa siku za kazi peke yake, kwa hiyo wametuzidi kwa siku moja.

Sasa njoo kwenye kifungu cha 29, ambacho hakisomwi. Mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo chini ya sehemu hiyo ya sheria. Kuna nafuu kwa wafanyakazi wa msimu, na kwa yule aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri huyo huyo ndani ya mwaka, ikiwa jumla ya muda wake inapita miezi sita. Dada yetu hayumo katika makundi hayo. Kuanzia tarehe 2 Machi hadi katikati ya Mei ni miezi miwili na nusu. Akienda kwa bosi na kusema "nina haki yangu ya siku 28", bosi atakuwa sahihi akimjibu kwamba bado hana.

Hata angekuwa ameshatimiza miezi sita, tarehe ya likizo hupangwa na mwajiri. Sheria inamruhusu apange lini uende, mradi likizo ichukuliwe kabla ya miezi sita kupita tangu mzunguko uishe, au miezi 12 ikiwa wewe umekubali na mahitaji ya kazi yanadai hivyo. Kwa hiyo haki ya kupumzika ni yako, lakini kalenda iko mezani kwake. Watu hugombana ofisini kwa kuchanganya vitu hivi viwili.

Kuna na jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya nimwambie dada yule asithubutu kunyamaza. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, ile inayomlazimisha mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki, haimhusu mfanyakazi aliyekaa chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Ni kifungu cha 35. Weka pembeni yake kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, ambazo zinataja kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa ni kosa zito linaloweza kumfukuzisha mtu. Mtu mgeni kazini akiondoka siku thelathini kwa ruhusa ya kujipa mwenyewe, siku ya sita ya kazi ameshaingia kwenye kosa zito, na ngao ya kujikinga hana. Atalipwa siku alizofanya kazi, na notisi kama anastahili, basi.

Wapo wanaosema: "Nitatafuta ED." Karatasi ya hospitali ya kukuruhusu kupumzika, huku wewe uko uwanja wa ndege na begi! Hapo umehama kwenye utoro umeingia kwenye udanganyifu. Siku hizi picha za msafara ziko kwenye status kabla ndege haijaondoka. Sina la kuongeza.

Je, ulilazimika kuitaja safari kwenye usaili? Hapana. Sheria ya ajira haikulazimishi kumwaga mipango ya familia yako mbele ya watu watano uliowaona kwa mara ya kwanza leo, wala hupaswi kuiandika kwenye barua ya maombi. Lakini ukiulizwa waziwazi, "Una jambo lolote litakalokutoa kazini miezi ya mwanzo?", sema kweli. Kunyamaza kuhusu jambo ambalo hukuulizwa ni kitu kimoja. Kusema uongo ulipoulizwa ni kitu kingine, na uongo huo utakufuata hata mwaka wa tatu kazini.

Wakati wenyewe wa kusema ni ule mwanya mdogo kati ya "tumekuchagua" na saini yako. Kabla ya hapo wewe ni mmoja kati ya waombaji wengi, na safari inaweza kuwa sababu rahisi ya kukuweka kando. Baada ya saini, umekubali masharti yaliyomo, na kila unachoomba ni hisani. Katikati ya hapo wamekwisha kukuchagua, wamechoka na usaili, na hawataki kuanza upya. Nguvu yako ya kuzungumza haitakuwa kubwa hivyo tena kwa muda mrefu, na watu wengi huimaliza yote kwenye mshahara wakasahau kila kitu kingine.

Uombe nini hasa? Njia nyepesi kuliko zote ni kusogeza tarehe ya kuanza kazi hadi utakaporudi, kama imebaki wiki tatu au nne. Kwa dada yetu isingewezekana, maana Machi hadi Juni ni mbali. Njia ya pili ni likizo bila malipo, ambayo ni makubaliano yenu wawili. Ya tatu ni kukopeshwa siku za likizo ambazo hujazifikia. Hii ya tatu naiogopa kidogo. Ukiacha kazi kabla hujazifidia, mwajiri atataka kukata malipo yako ya mwisho, na sheria inaruhusu makato ya deni ukiwa umeyakubali kwa maandishi. Sasa soma ulichosaini: mara nyingi ridhaa hiyo imo humo humo kwenye fomu ya kuomba siku. Mimi namshauri mtu mwenye uwezo wa kukaa mwezi mmoja bila mshahara achukue ile ya pili.

Na fedha ya mwezi huo usio na mshahara, je? Wengi wanaisahau iliko. Kama umetoka kwenye ajira nyingine, mwajiri wako wa zamani anapaswa kukulipa likizo uliyoilimbikiza bila kuitumia. Kwa mzunguko ambao haujakamilika, kiwango ni mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi. Likizo iliyoidhinishwa na mwajiri wa zamani haihami nawe, hata kama barua ya kuidhinisha unayo mkononi. Kinachohama ni pesa yake. Dada yetu alikuwa ameondoka kule bila kuidai, akidhani kwamba aliyeacha kazi mwenyewe hana chake. Anacho.

Nikamtolea karatasi, tukaandika sentensi ya kuongezwa kwenye barua yake ya ajira:

"Mwajiri anakubali kumpa mwajiriwa likizo bila malipo kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 13 Juni, siku 30 mfululizo, kwa ajili ya safari iliyolipiwa kabla ya mkataba huu. Likizo hii haitakatisha mwendelezo wa ajira wala haitahesabiwa kuwa utoro kazini."

Kila neno hapo lina kazi yake. Tarehe zimetajwa ili mtu asije akasema alidhani ni wiki mbili. "Iliyolipiwa kabla" inaonyesha hukuitunga safari baada ya kuingia. "Haitakatisha mwendelezo" inailinda ile hesabu ya miezi sita, na haki nyingine zinazopimwa kwa muda wa utumishi. Ukiweza, ongeza siku mbili tatu za akiba, kwa sababu ndege za kurudi huchelewa. Uliza pia kuhusu bima ya afya ya mwezi huo, na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, maana mchango unakatwa kwenye mshahara, na mshahara hautakuwepo. Uliza kama muda wa majaribio, ile probesheni, utasogezwa mbele. Mwajiri akiusogeza si ajabu, ila kanuni zinataka muda huo uwe wa kiasi na usizidi miezi 12.

Nani asaini? Anayesaini mikataba. Niliwahi kumsikiliza kijana mmoja aliyeahidiwa na meneja wa tawi, kwa mdomo, wakiwa wanakunywa chai: "We usiwe na wasiwasi, utaenda tu." Mwezi uliofuata meneja akahamishiwa mkoa mwingine. Aliyekuja hakuwa na habari na chai ile. Kama ahadi imeshatolewa kwa mdomo, iandikie barua pepe siku hiyo hiyo: "Kama tulivyozungumza leo asubuhi…" Ujumbe wa simu nao si bure: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za kielektroniki zinapokelewa kama ushahidi. Ila sentensi iliyo ndani ya mkataba haihitaji kutafutwa kwenye simu iliyopasuka kioo.

Dada yangu akauliza kitu cha mwisho: wakinikatalia, si wanabagua dini yangu? Sheria inakataza ubaguzi wa dini, na inamlinda hata mwombaji wa kazi. Wakimpa mwenzako wa dini nyingine mwezi mmoja kwa safari yake binafsi na wewe wakakunyima kwa kuwa ni Hijja, hapo kuna kesi. Lakini wakikataa kwa sababu mhasibu hawezi kukosekana wakati wa kufunga hesabu za mwezi, yeyote awaye, hiyo ni sababu ya kazi. Usiianze kesi kwa hasira kabla hujaijua sababu waliyoitoa.

Na wakishasaini kisha wageuke? Wamevunja mkataba, na mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60. Siku hizo zinahesabika hata ukiwa Makka.

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Walimkubalia siku 21, bila malipo, kwa maandishi, kwa sharti akabidhi hesabu za Aprili kabla ya kuondoka. Akarudi kwa taasisi yake, akahamia kwenye msafara mfupi, yeye na mama yake. Wewe mwenye ofa mkononi na tiketi mfukoni, usitie saini leo. Irudishe barua, iongezwe hiyo sentensi.