NDOO ISIYOTEKA MAJI: FUNZO LA MGENI KUTOKA LAMU

Wahenga walisema kutembea kwingi ni kuona mengi. Mimi nilitembea, nikaona, na nusura nisirudi kuwasimulia. Ndiyo sababu nimeshika kalamu niwape wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili somo ambalo sikulipata darasani: jinsi ya kukaa salama ukiwa mgeni katika mji wa kale.

Likizo ya Agosti mjomba wangu, ambaye ni seremala huko Lamu, alinialika nimtembelee. Kutoka Kaloleni hapa Kisumu hadi Lamu ni kuvuka nchi nzima: Nairobi, Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, mpaka gati la Mokowe. Hapo barabara inakwisha, unapanda boti. Mama aliogopa. Alikumbuka wageni waliotekwa nyara Kiwayu na Manda mwaka 2011, na watu waliouawa Mpeketoni Juni 2014. Mjomba akamjibu kwa simu, "Dada, mambo hayo yalitokea, sikufichi. Asafiri mchana, na polisi wakisimamisha basi atii. Mimi nitakuambia siku ya kuja." Funzo la kwanza basi ni hilo: kabla ya safari uliza hali ya njia kwa mtu anayeishi huko, si kwa uvumi wa kituo cha matatu.

Funzo la pili ni la mjini. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kati ya nyumba na nyumba kuna vichochoro vyembamba ajabu. Mizigo hubebwa na punda. Ukisikia "Simile! Simile!" nyuma yako, usigeuke kuuliza nani anaitwa Simile kama nilivyofanya mimi. Maana yake ni pisha njia! Jibanze mlangoni mwa mtu, punda apite.

Siku ya kwanza nilipotea mara tatu. Mjomba akanifundisha: mji huu umepanda kutoka pwani, kwa hiyo ukipotea fuata mteremko, utatokea baharini. Ukishafika baharini, tafuta ile ngome kubwa ya karne ya 19, ambayo ilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Ukiiona ngome, umeshajua ulipo. Usiku usipite vichochoroni peke yako. Akijitokeza mtu wa kukutembeza, patana naye bei kabla ya kuondoka, maana bei ya baadaye huzaa ugomvi. Kumbuka pia kwamba huo ni mji wa watu wenye dini yao na heshima yao. Vaa nguo za staha, salimia kwanza, na usimpige mtu picha bila ruhusa.

Funzo la tatu ni jua na mchanga. Kijiji cha Shela kiko mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu kutoka mjini, na nyuma yake kuna vilima vya mchanga. Ukisimama katikati yake utadhani uko jangwani kabisa: mchanga mbele, mchanga nyuma, na kivuli hakuna. Mimi nilikwenda saa saba mchana, bila kofia wala maji. Kichwa kikaanza kuuma, miguu ikaungua, ikabidi nirudi mbio kama mwizi. Nenda asubuhi au jioni, jifunike kichwa, beba maji, na unywe kabla kiu haijakushika. Usitupe takataka pale. Mvua inyeshapo maji huzama katika mchanga ule na kuhifadhiwa chini, na ndiyo maji matamu yanayotegemewa na mji. Mgeni anayechafua vilima vile anachafua mtungi wa mwenyeji wake.

Sasa nifike kwenye funzo lililonifanya niandike. Siku ya tano tulikwenda Shela na mjomba. Alipoingia msikitini kuswali Alasiri, akaniambia nimngoje ufuoni. Mimi nimezaliwa karibu na ziwa. Dunga nimeogelea tangu darasa la tatu. Nikajiambia, ah, maji ni maji tu bwana! Nikaingia.

Mzee mmoja aliyekuwa kando ya mashua yake akapaza sauti, "Ndoo! Kijana, ndoo!" Nikatazama huku na huku. Ndoo gani? Mimi sina ndoo. Nikafikiri anataka chombo cha kutolea maji mashuani. Nikacheka, nikampungia mkono, nikazidi kwenda mbele. Akaita tena, safari hii kwa ukali, "Ndoo!"

Nilipogeuka, ufuo ulikuwa mbali. Nikaogelea kwa nguvu zote, lakini kila nilipopiga mikono ndivyo nilivyozidi kurudi nyuma. Nikameza maji ya chumvi. Nilimwita mama, ingawa nilijua yuko Kaloleni. Kumbe mzee alikuwa ameshawasha injini. Walinitupia kamba, yeye na mwanawe, wakaniopoa kama samaki.

Ziwa letu halipwi wala halijai kwa namna ya kuonekana. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa na kupwa ni kama saa sita na ushei. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua, na tofauti ya maji pwani yetu hupita mita 3. Maji yanapopwa, yale yaliyo katika mkondo kati ya Lamu na Manda hukimbilia bahari kuu, na yalikuwa yananipeleka huko huko. Ukikamatwa na mkondo usishindane nao. Elea, inua mkono uombe msaada, na ukiogelea, ukate upande, usiukabili. Lililo bora ni kuuliza kwanza: "Maji yanajaa au yanapwa?"

Na ile ndoo je? Kwa Kiamu, ndoo ni njoo. Njia kwao ni ndia, moja ni moya, mji ni mui. Nilikuwa nimeshajibu swali la lahaja katika mtihani: "Kiamu huzungumzwa Lamu." Nikapewa alama zangu. Lakini mtu aliponiita kwa Kiamu chenyewe niokoe maisha yangu, nilimcheka.

Wenzangu, wasia wangu ni huu. Ugenini, mwenyeji akikuita na hukumwelewa, usicheke. Simama, rudi, umuulize. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji ndiye aliyeita ndoo, na mgeni ndiye aliyepona.