Mafunzo Niliyopata Chini ya Mvua ya Risasi

Ukiingia kibanda cha gemu hapa Moshi, iwe Majengo, Pasua au Soweto, utakuta vijana wanacheza mpira, na kwenye runinga ya pembeni pengine Tekken. Ninachokipenda mimi hakimo, kwa kuwa hakina wateja: zile gemu za Kijapani ambamo mhusika mmoja anapeperuka kwenye skrini iliyojaa risasi mamia kwa mamia, zinamiminika kwa miduara na mistari yenye rangi kama kitenge. Nazicheza nyumbani, Kibosho, kwenye laptopu ya mtumba. Mfululizo ninaoupenda unaitwa Touhou, na una ndugu yake wa kupigana mmoja kwa mmoja. Nimeokota mambo kadhaa humo, mengine ya maana, mengine sijui.

1. Kinachouawa ni nukta

Reimu wa Touhou, msichana wa hekalu mwenye mavazi mekundu na meupe, anachorwa akiwa na mikono mipana, sketi na utepe mkubwa kichwani. Vyote hivyo ni pambo. Sehemu inayoua ikiguswa ni nukta iliyo katikati ya mwili. Katika Perfect Cherry Blossom ya mwaka 2003, ukishikilia kitufe cha Shift mhusika anapunguza mwendo na nukta hiyo inajitokeza. Risasi ikipita kwenye utepe, hakuna kilichotokea. Ikipita karibu kabisa na mwili unaongezewa pointi, yaani gemu inakulipa kwa ujasiri.

Mbinu hii ni ya enzi za mashine za sarafu. Wengi huitaja Batsugun, iliyotoka mwaka 1993 kwa kampuni ya Toaplan, kuwa ya kwanza ya aina hii. Mwaka uliofuata Toaplan ilifilisika, baadhi ya mafundi wake wakaanzisha kampuni ya Cave na kutoa DonPachi mwaka 1995. Hesabu yao ilikuwa rahisi: ukitaka kumwaga risasi skrini nzima na mtu bado aweze kupona, punguza kile kinachoweza kupigwa. Mgeni hukimbiza picha nzima, kila saa anaona hakuna nafasi. Mzoefu huongoza nukta, na nukta ina njia nyingi.

2. Ijue risasi inakwenda wapi kabla ya kuikimbia

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo ninalomweleza kila anayekaa karibu yangu. Risasi za adui zina tabia tofauti. Zipo zinazolenga pale ulipo wakati zinapofyatuliwa. Zipo zinazofuata mchoro wao tu, hazina habari na wewe. Na zipo za kubahatisha, ambazo hata aliyeitunga gemu hawezi kukuambia zitaangukia wapi.

Zinazokulenga ndizo zinazotisha, kumbe ndizo nyepesi. Kwa kuwa zinafuata ulipokuwa, sogea kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, polepole, na zote zitapita nyuma yako kwa mstari. Ukikaribia ukingo wa skrini, ruka haraka kurudi upande wa pili, pengo litafunguka, uanze upya. Anayekurupuka kutoka upande hadi upande anazitawanya risasi mwenyewe na kujijengea ukuta. Zile za mchoro zinataka kinyume chake: tulia, tafuta uwazi, ukae humo. Kuna mashambulizi ambamo kusimama bila kugusa kitufe ndiyo dawa, na hakuna kitu kigumu kwa vidole kuliko kuambiwa visifanye kazi.

Za kubahatisha hazina somo. Ziangalie zikiwa juu kidogo ya kichwa chako, macho yasimkodolee aliyezifyatua.

3. Bomu halirithiwi

Mchezaji hupewa mabomu machache ya kufuta risasi zote. Ukifa, akiba inarudishwa kwenye idadi ya kuanzia, hivyo uliyokuwa umeyabana yanakwenda bure. Kwenye baadhi ya gemu hizi, hata baada ya kuguswa una kitambo cha kupepesa jicho cha kubonyeza bomu na kujiokoa. Basi.

4. Mtu mmoja anatosha

Mtunzi wa Touhou anajulikana kwa jina la ZUN. Huandika programu mwenyewe, huchora mwenyewe, na muziki, ambao kwangu ndiyo nusu ya utamu, hutunga mwenyewe. Embodiment of Scarlet Devil, iliyotoka mwaka 2002, inaenea kwenye flashi ndogo na inakimbia kwenye mashine ambayo gemu za mpira za leo zingeicheka. Masika yakikolea na umeme ukakatika, laptopu yenye betri iliyochoka bado inakufikisha hatua kadhaa mbele. ZUN pia anasifika kwa mapenzi yake ya bia. Angefika Marangu, naamini wazee wangemshikisha kata ya mbege kabla ya kumuuliza anafanya kazi gani.

5. Risasi zilezile, mtu mwingine

Mwaka 2004 ZUN alishirikiana na kikundi cha Twilight Frontier kutoa Immaterial and Missing Power, gemu ya kupigana yenye wahusika walewale. Ikafuata Scarlet Weather Rhapsody mwaka 2008, na nyongeza yake, Hisoutensoku, mwaka 2009. Nilidhani ningeingia humo nikiwa tayari nimeiva.

Kwenye gemu hizi ukichomoka kwa kasi unapenya katikati ya risasi bila kuumia. Lakini anayechomoka hana kinga dhidi ya ngumi na mateke. Risasi humzuia anayetaka kukaribia, anayechomoka huzipita risasi, na anayesubiri na ngumi humkuta aliyechomoka. Duara hilo ndilo gemu yenyewe.

Mpwa wangu alikulia kwenye Tekken 3 ya vibandani, akimchezesha Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira ambaye hata asiyejua kitu akibonyeza mateke ovyo anapata ushindi. Kuhusu risasi hajui kitu. Anajua watu. Mechi chache tu, akaweka padi mapajani.

"Anko, wewe kila nikifyatua unachomoka. Mimi sikulengi, nakusubiri tu."

Skrini iliyojaa risasi haikusomi, na mchoro wake wa leo ni uleule wa kesho. Mtu aliyekaa ubavuni mwako ameshaihesabu tabia yako kabla hujaijua. Hapa ndipo naona gemu hizi mbili, pamoja na undugu wao wote, zinafundisha akili mbili tofauti: moja ya kuona nafasi, nyingine ya kuona nia. Ya pili haiji kwa kucheza peke yako, hata ukikesha.

6. Kanuni zinabadilika na mawingu

Katika Scarlet Weather Rhapsody na Hisoutensoku hali ya hewa hugeuka katikati ya pambano, na sheria zinageuka nayo. Ukungu wa mtoni unachezea umbali kati ya wapiganaji. Tufani ikija, hakuna anayeweza kujikinga. Wachezaji wengi hulalamika kwamba huo ni ubahatishaji. Mtu wa mlimani atawashangaa: Kibosho kunanyesha, mjini jua kali, na kabla ya saa sita Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kimeshajifunika. Hapa unabeba mwavuli na kofia pamoja, na skrini nayo inakuonyesha mapema hali inayokaribia.

7. Adui mzuri ni wa karibu

Hisoutensoku ilitoka mwezi Agosti 2009. Mwezi mmoja kabla yake waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulikuwa umeanza kufanya kazi pwani yetu, na ungeweza kudhani sasa Moshi na Tokyo ni majirani. Fizikia inakataa. Umbali ni zaidi ya kilomita 11,000, na mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hata waya ungenyooka kama rula, nao haunyooki. Gemu inaonyesha picha 60 kwa sekunde, hivyo picha sita na ushei zimepita. Ngumi imeshafika mashavuni. Mwezi Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipandishwa hadi kambi ya Horombo huko Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya bahari, nikafurahi kama wengine, ila umbali wa Tokyo haukupungua. Na Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika, hata bando lililojaa halikusaidia kitu.

Na adui wa karibu anatosha. Arslan Ash wa Lahore aliposhinda mashindano ya Evo Japan na kisha Evo ya Marekani mwaka 2019 katika Tekken 7, dunia iligundua kwamba Pakistan ina wakali waliokuwa wakinoana wao kwa wao. Hapa jirani, Nairobi ilimtoa Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya XiT Gaming mwaka 2018. Kwa hiyo fedha niliyokuwa nikiitenga kwa bando nilinunulia padi mbili za waya, maana kibodi moja ya laptopu ikishikwa na watu wawili vitufe vinakabana. Mpwa wangu alichagua nyeusi. Tufani ikija bado ananishinda, kwa sababu mimi naanza kutafuta pa kupita wakati yeye anakuja moja kwa moja.