SOMO LA WIKI: Hati ya Nyumba Wakati wa Vita

Wiki hii tutazame Ukraine. Mwaka 2020 serikali ilizindua Diia, huduma zake kwa njia ya simu. Februari 2022, wiki moja kabla ya uvamizi wa Urusi, bunge lilipitisha sheria iliyofungua njia, na kumbukumbu nyingi zikahamishiwa kwenye kompyuta zilizoko nje ya nchi. Jengo la ofisi likiungua, hati haziungui nalo. Waliobomolewa nyumba wakatoa taarifa kwa simu.

Faida kubwa hiyo. Lakini Desemba 2024 wadukuzi walivamia madaftari ya Wizara ya Sheria. Mnunuzi yupo, fedha ipo, ila hakuna wa kuthibitisha mwenye nyumba ni nani! Mauzo yalikwama, madaftari yakarejeshwa kidogo kidogo hadi Januari 2025.