Lala Kilifi, Tembea Pwani Yote

Mtu akipanga likizo ya pwani ya kaskazini ya Kenya, kwanza hutafuta chumba Watamu au Malindi, kisha hushtuka akiona bei. Lakini pwani hiyo ina mengi zaidi ya fukwe za miji hiyo miwili. Kuna msitu, magofu, mikoko na vijiji vya kale, na karibu vyote viko kando ya barabara moja inayotoka Mombasa kwenda Malindi. Katikati ya barabara hiyo uko mji wa Kilifi, na kwangu mimi hapo ndipo pa kuweka begi.

1. Chagua mji wenye shughuli zake

Mji unaotegemea wageni peke yao hupooza wakiondoka, na wakirudi hupandisha bei ya kila kitu hadi chai. Kilifi ina sababu nyingine za kuamka asubuhi. Ni makao makuu ya kaunti. Kuna Chuo Kikuu cha Pwani. Kuna pia kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989, na kazi yake juu ya malaria inajulikana duniani kote. Kwa hiyo mwenye hoteli anapika akimfikiria karani, muuguzi na mwanafunzi, watu watakaorudi kesho na ambao hawakubali kutozwa ovyo. Wewe mgeni unakula kwa bei hiyo hiyo.

Ukitaka kupima mji mwingine wowote, nenda sokoni asubuhi ya siku ya kazi. Soko likijaa watu wanaonunua mchicha na nazi za kupikia nyumbani, hapo pana mji. Ukikuta vinyago na kanga za watalii tu, endelea na safari.

2. Soma tangazo la nyumba mara mbili

Kilifi ni jina la mji na pia ni jina la kaunti, na Watamu na Malindi zimo ndani ya kaunti hiyo. Nyumba inayotangazwa kuwa "Kilifi" inaweza kuwa mbali sana na steji ya mjini. Muulize mwenyeji swali moja: kutoka steji ya Kilifi mjini mpaka mlangoni, tuktuk huchukua dakika ngapi? Muulize pia kama nyumba iko Mnarani, ng'ambo ya daraja, au upande wa mjini. Na kwa kuwa hii ni pwani, uliza kama maji ya bomba ni ya chumvi, kama kuna tangi, na kama kitanda kina chandarua na feni.

3. Pima barabara kabla ya kupima ufuo

Kutoka Kilifi hadi Mombasa ni kama kilomita 60, na hadi Malindi ni karibu hizo hizo. Matatu za Mombasa na Malindi hupita mchana kutwa, kwa hiyo huhitaji gari la kukodi. Ukitoka Nairobi kwa treni ya SGR utashukia Miritini, nje kidogo ya Mombasa, na kutoka hapo utaunganisha matatu. Mabasi ya Nairobi yanayokwenda Malindi nayo hupita Kilifi, yakakushusha njiani. Ulizia nauli kabla ya kupanda, hasa wikendi na sikukuu.

4. Anza na vilivyo mlangoni

Wengi wanaolala Kilifi hukimbilia Watamu siku ya kwanza. Subiri kidogo. Hori la Kilifi ni mkono mrefu wa bahari unaoingia bara, wenye kina kirefu na mikoko kandokando. Magari yalikuwa yakilivuka kwa feri mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Kodi mtumbwi jioni, na usiku ambao mwezi haupo muombe nahodha akuoneshe maji yanavyometameta kasia likiyagusa. Ni vijidudu vya baharini vinavyotoa mwanga.

Upande wa Mnarani kuna magofu ya mji wa Waswahili yenye misikiti na makaburi, juu kabisa ya hori. Watu hupita juu ya daraja kila siku bila kuyatazama, na hilo huniuma, kwa sababu tiketi yake ni ndogo na mandhari yake hayana mfano.

Kusini kidogo iko Takaungu, mahali walipohamia baadhi ya Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, baada ya Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, kuwaondoa huko mwaka 1837. Ni mji wa watu wenye dini na utulivu. Vaa nguo ya heshima, wape wazee shikamoo, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba.

5. Gedi, msitu na Mida: siku moja, steji moja

Siku hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Amka alfajiri, panda matatu ya Malindi, na ushuke kwenye kituo cha msitu wa Arabuko-Sokoke, kabla tu ya kufika mji wa Gede. Msitu huu una eneo la kama kilomita 420 za mraba, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Chukua kiongozi wa hapo hapo. Yeye anajua mti anaolala bundi mdogo wa Sokoke, na anajua kutulia mpaka sengi mwenye kiuno cha dhahabu apite mbio mbele yenu. Peke yako utaona majani tu.

Jua likipanda, nenda kwenye magofu ya Gedi, huko huko Gede, ambako miti mikubwa inatia kivuli. Huu ulikuwa mji wa nyumba za mawe ya matumbawe, wenye msikiti mkuu na kasri, ukahamwa kufikia karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na vyombo vya kauri kutoka China vilivyopatikana humo vinaonesha biashara yake ilifika mbali kiasi gani. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nenda sasa, kabla watu hawajawa wengi. Hapo hapo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa wao, yaani vipepeo ambao bado hawajatoka gandani, nje ya nchi. Ukinunua asali yao unampa mkulima sababu ya kuuacha mti usimame.

Malizia kwa ujia wa mbao unaopita juu ya mikoko ya hori la Mida, karibu na hapo. Mapato yake yamesaidia kulipa karo za watoto wa vijiji vya jirani. Maji yakitoka, ndege wa pwani hujaa kwenye matope.

6. Watamu nenda kwa saa ya maji

Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968, pamoja na ya Malindi. Matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo mpigie nahodha jana yake umuulize saa, ndipo uchague matatu ya kupanda. Siku za bamvua maji hukimbia mbali sana, na usipouliza utafika ukute boti zimelala mchangani. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa simu, basi nenda ukiwa na chaji.

7. Heshimu upepo

Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huleta bahari tulivu na maji meupe. Kusi huchafua bahari na kuleta mwani ufuoni, na masika ya Aprili na Mei hulowesha kila kitu. Jihadhari na wiki ya mwisho ya Desemba. Wakati huo Kilifi nayo hujaa wapenzi wa muziki wa mwaka mpya, na utulivu ulioufuata huupati.

8. Kula wanapokula wenyeji

Asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na ukwaju kandokando ya barabara. Samaki wa kupaka agiza mapema, kwa sababu nazi haitaki haraka.

9. Jua mahali Kilifi inapokomea

Ukitaka kuona machweo kwenye korongo la Marafa, lala Malindi usiku huo, kwani ni mbali na matatu za jioni ni chache. Mtu ambaye kazi yake ni kuzamia kila siku akae Watamu tu. Na ukitaka Lamu, mabasi ya Mombasa hupita Kilifi kuelekea Mokowe, ambako utavuka kwa boti. Kata tiketi siku moja kabla, na umwambie karani wazi kwamba unapandia Kilifi, ili kiti chako kisiuzwe njiani.