Sikukusudia. Je, nilipe?



Jumapili moja baada ya Misa hapa Mtera, kijana wa kwaya alinivuta pembeni. Amepanga chumba kwa mama mmoja mjane, si mbali na bwawa. Jioni moja upepo ulikuwa mkali, akaingiza jiko la mkaa ndani akaange perege. Simu ikaita, akatoka kidogo. Kurudi, mafuta yameshika moto. Hakuna aliyeumia, ila ukuta uliungua na singibodi ikatoboka. Ukutani akatundika kalenda ya jimbo. Juu hakuna kalenda ya kufunika, na mwisho wa mwezi anahama.

"Frateri, sikukusudia. Na kodi ya miezi sita nililipa yote. Kwani nadaiwa?"

(Miaka mitatu ya falsafa, na swali gumu linatoka jikoni!)

Hapo kuna hoja mbili, tusizichanganye. Ya kwanza, hakukusudia. Ni kweli, kwa hiyo simwiti mkosefu kwa kuungua kwa nyumba. Lakini someni Kutoka sura ya 22: mtu akiwasha moto, ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya jirani, aliyewasha analipa. Haulizwi kama alitaka nafaka iungue. Kusamehewa hatia ni jambo moja, kufidia hasara ni jingine. Hata kwenye Kitubio ni hivyo: Katekisimu, namba 1459, inasema ondoleo linafuta dhambi, ila madhara bado tunatakiwa kuyatengeneza kadiri tuwezavyo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Sura hiyo hiyo inasema mnyama aliyekodiwa akiumia, hasara imo ndani ya ujira wake. Basi kodi si imeshalipa? Mimi naona kodi inalipia matumizi: rangi kufifia, kitasa kulegea, sakafu kuchimbika kidogo kidogo. Bati likiezuliwa na upepo, mpangaji ana kosa gani? Lakini jiko lenye mafuta kuachwa bila mtu si matumizi ya kawaida, ni uzembe. Kodi hailipii uzembe.

Ila kalenda ndiyo iliyonisumbua kuliko moto. Moto ulikuwa ajali, kalenda aliitundika kwa makusudi. Akihama kimya kimya, mpangaji ajaye au yule mama ndiye atakayebeba gharama, na sasa hawezi tena kusema hakukusudia.

Nilimwambia amwite fundi kwanza, apige hesabu, aende kwa mama kabla hajaulizwa. Alienda Jumanne. Kumbe mama alijua siku nyingi, moshi ulimfikia jioni ile ile, alikuwa anasubiri tu aambiwe. Na kwa kuwa bati lilikuwa linavuja na singibodi ilishaanza kuoza, walikubaliana hivi: kijana anunue singibodi na rangi, mama amlipe fundi.

Kalenda ameibandua.