"Ana sukari": sukari ya aina gani?

Mtu akikonda ghafla mitaa ya Dunda au Magomeni hapa Bagamoyo, majirani husema "ana sukari", na mazungumzo huishia hapo. Neno hilo moja linafunika magonjwa kadhaa yenye vyanzo tofauti, na kuyachanganya kunaweza kumwondoa mtoto duniani.

Mtoto hali vitu vitamu, kisukari kakipata wapi?

Hiyo ni aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake imezigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Bila insulini, sukari haiwezi kuingia kwenye misuli. Inabaki kuzunguka kwenye damu huku mwili ukikosa nguvu. Hakukipata kwa pipi, hakurogwa, na mama yake hana kosa. Sindano ya insulini ndiyo uhai wake. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini mjini Toronto, Januari 1922, watoto kama huyu hawakudumu.

Hapa Bagamoyo tuwe macho zaidi. Tunaijua malaria, na hata chanjo yake ya RTS,S ilijaribiwa kwetu kabla ya kuidhinishwa. Ndiyo maana mtoto akilegea na kutapika, wazo la kwanza ni malaria. Lakini kama anakunywa maji bila kukoma, ameanza tena kukojoa kitandani, amekonda na anahema kwa nguvu, muwahishe hospitali na uombe apimwe sukari pia. Ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka papo hapo.

Na ile ya watu wazima?

Aina ya pili, ndiyo iliyo nyingi kuliko zote. Insulini ipo, ila mwili hauitii. Kongosho huongeza juhudi hadi linachoka. Urithi unachangia, umri nao, lakini kitambi na kukaa bila kazi ya mwili huiharakisha. Mwaka 1989, mtafiti Donald McLarty na wenzake walichapisha vipimo vya kisukari vya vijiji sita vya Tanzania: waliokuwa nacho hawakufika hata mtu mzima 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ukakuta takriban 9 kati ya 100 wenye miaka 25 hadi 64. Umri wa waliopimwa haukufanana, na wa 2012 uligusa mijini pia, lakini ongezeko halifichiki. Wala tusiilaumu sukari ya chai peke yake: sinia la wali, vitumbua na chapati huishia kuwa sukari kwenye damu, na safari fupi tuliyoizoea kwa miguu sasa tunapanda bodaboda.

Mjamzito je?

Homoni za kondo la nyuma huizuia insulini kufanya kazi vizuri. Mara nyingi kisukari hiki huisha baada ya kujifungua, ila mama huyo aendelee kupima, kwani aina ya pili humnyemelea.

Mwembamba aliyekua kwa njaa?

Naye anaweza kuugua. Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua aina ya tano, itokanayo na utapiamlo wa muda mrefu.

Mwenye aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja, hata akiahidiwa dawa ya miti shamba. Na mgonjwa yeyote wa kisukari anayetaka kufunga Ramadhani, amwone daktari kabla mwezi haujaandama.