Mstaafu na Useremala: Heri Karakana ya Pamoja

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuongea juu ya malaria, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo huenda wengine hawalihesabu kuwa la afya, nalo ni mahali pa kufanyia useremala baada ya kustaafu. Tunaomba mtuvumilie, kwa maana ndani yake mna mapafu, masikio, vidole na hata amani ya nyumba.

Hapa Tanzania watumishi wengi wa umma huweza kustaafu kwa hiari wakifikia miaka 55, na kwa lazima wakifikia 60. Mtu wa miaka 60 mara nyingi bado ana nguvu. Alizoea kuamka alfajiri, kukutana na wenzake, kuulizwa mambo na kuyajibu. Ghafla hakuna anayemwuliza kitu. Anakaa barazani, anazidi kunenepa, usingizi unapungua usiku kwa sababu amesinzia mchana, na wengine huanza kutafuta wenzao kilabuni. Mama wa nyumbani naye, ambaye kwa miaka 30 alipanga siku yake mwenyewe, anajikuta ana msimamizi mpya jikoni. Haya tunayaona katika familia zetu, ingawa hatuyasemi sana.

Kwa hiyo mzee anaposema, "Sasa nitachonga mbao," tumpongeze. Useremala unamfanya asimame, apime, akumbuke hesabu, atumie mikono na mabega. Kuvuta randa kwa nusu saa si mchezo. Tena mwisho wa wiki kuna kigoda au rafu ya kuonyesha.

Lakini wengi hufanya hivi: huchukua sehemu ya kiinua mgongo, hununua msumeno wa mashine na mashine ya kuranda, na kugeuza chumba cha uani au baraza ya nyuma kuwa karakana. Mpango huo tunauona kuwa na kasoro kubwa mbili. Kwanza, mzee bado yuko peke yake, ila sasa ana mashine kali, na akikatika hakuna wa kumsikia. Pili, vumbi lote linabaki nyumbani.

Vumbi la mbao

Hapa tuongee kwa kirefu, kwani vumbi hili hudharauliwa. Maranda makubwa yanayoanguka chini hayana neno, tunayawashia moto. Adui ni unga ule mwembamba unaotoka kwenye msasa na kwenye msumeno wa mashine. Huelea hewani kwa muda mrefu hata baada ya mashine kuzimwa, nao huingia puani na kushuka mapafuni.

Katika miaka ya 1960, madaktari wa Uingereza waligundua kwamba mafundi wa viti na fanicha wa eneo la High Wycombe walikuwa wakipata saratani ya ndani ya pua kupita watu wengine kwa mbali. Chanzo kilikuwa vumbi la mbao ngumu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Hatusemi haya ili kumtisha mzee. Saratani hiyo kwa kawaida hutokea baada ya kuvuta vumbi kwa miaka mingi sana. Lakini pumu na kikohozi havisubiri miaka mingi. Mvule, mti tunaousifu kwa milango, vumbi lake huwasha ngozi na macho, na huweza kuamsha pumu. Mpingo na mtiki nao huwapa baadhi ya watu upele. Na mjukuu mwenye pumu anayelala chumba cha pili hakuchagua useremala.

Kwa hiyo karakana nzuri iwe mbali na vyumba vya kulala, yenye kuta wazi pande mbili ili upepo upite. Pua na mdomo vifunikwe kwa barakoa ya kuchuja vumbi, ile yenye alama ya N95 au FFP2. Kitambaa au leso hakizuii unga mwembamba. Sakafu inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagia, mashine zikiwa zimezimwa. Tusipulize vumbi kwa pampu ya upepo, maana huko ni kulirudisha puani. Na mzee avue nguo za kazi kabla ya kumpakata mjukuu.

Mahali pa kutafuta

Kwanza tuangalie fundi wa mtaani. Karakana nyingi zina meza moja isiyotumika kila siku. Mzee anaweza kukubaliana na fundi alipie meza kwa mwezi, na umeme wake autilie LUKU mwenyewe. Mwalimu mstaafu au mhasibu mstaafu huweza hata kulipa kwa kumsaidia fundi kuandika mahesabu yake. Hapa yafaa mzee ajue jambo moja: ndani ya karakana, fundi kijana ndiye mkubwa. Aitwe fundi, asikilizwe. Mzee aliyekuwa mkuu wa idara akianza kutoa amri hapo, hatamaliza mwezi.

Pili, kuna vyuo vya ufundi. Majimbo na mashirika mengi ya kitawa yana vyuo vyenye idara ya useremala, na VETA hutoa kozi fupi. Jumamosi au wakati wa likizo vyumba vile huwa vimefungwa. Mkuu wa chuo akiombwa na kundi la watu wanaojulikana, wenye barua ya paroko, huenda akakubali. Akiombwa na mtu mmoja mmoja, ana haki ya kuogopa.

Tatu, wazee wanne au watano wa jumuiya ndogo ndogo waungane. Parokia nyingi zina stoo ya zamani au banda lililojengwa wakati wa ujenzi wa kanisa. Kwa ruhusa ya baba paroko na halmashauri walei, banda hilo laweza kupata meza mbili, jiriwa, misumeno ya mkono na randa. Mashine ya umeme ingoje. Madawati ya katekesi yaliyovunjika ndiyo kazi ya kwanza, hayakosekani.

Wazo hili halikuanzia kwetu. Huko Australia, mwaka 1998, mji mdogo wa Tongala katika jimbo la Victoria ulifungua karakana ya pamoja kwa ajili ya wanaume, hasa wastaafu. Leo karakana za namna hiyo zinapita 1,000 nchini humo, na zimeenea Ireland na Uingereza. Walioanzisha walitambua kwamba wanaume wengi hawako tayari kukaa kuzungumzia huzuni zao, lakini wakishika ubao mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, maneno hutoka yenyewe. Nasi tunaona ni hivyo hivyo hapa kwetu. Mzee aliyefiwa na mkewe hatakwenda kwa mshauri nasaha, bali atamwambia mwenzake huku akipiga msasa.

Kabla ya kulipa, mzee atembelee mahali hapo kazi ikiwa inaendelea. Aangalie kama mashine zina vizuizi vya kukinga mkono, kama nyaya za umeme hazijavuliwa nguo, na kama vanishi na tina vimewekwa mbali na maranda na mbali na anayevuta sigara. Aangalie kelele pia: ikiwa lazima kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja akusikie, masikio yanahitaji vizibo. Na choo kiko wapi? Wanaume wenye tezi dume wanajua kwa nini tunauliza.

Mwili wa mzee mbele ya mashine

Mwenye mtoto wa jicho asiguse msumeno wa mashine mpaka atibiwe. Atumie msumeno wa mkono. Anayetumia dawa za presha na kusikia kizunguzungu anapoinuka, amwone daktari kwanza. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika, kwa kuwa msumari ukimchoma mguuni huenda asisikie, na kidonda chake hupona kwa shida. Anayemeza dawa za kulainisha damu awaambie wenzake, kwa sababu damu yake haikatiki upesi. Aliyekunywa hata chupa moja ya bia abaki kwenye benchi la kupiga soga. Wote waulize zahanati juu ya chanjo ya pepopunda.

Ajali ikitokea, zimeni mashine. Bonyezeni jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi na mwinue mkono juu ya moyo. Msiweke mafuta ya taa, kahawa wala unga wa mbao. Kidole kikikatika kabisa, kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitieni ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu wala maji. Mgonjwa na mfuko waende hospitali pamoja, bila kungoja. Namba ya dereva mwenye gari iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, mahali ambapo hata asiye na miwani ataiona.